Kijiji hakikosi maduka, kinakosa wateja

Kila Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, halmashauri zetu hurudi kwenye hesabu ileile. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni takwa la sheria tangu marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kikundi kinaandika andiko la mradi, afisa maendeleo ya jamii analipitia, kamati inaidhinisha, hundi ya mfano inakabidhiwa mbele ya mkuu wa wilaya na picha zinapigwa. Ukiyafungua maandiko yale unakutana tena na tena na miradi ileile: duka la vyakula, genge, mitumba, vipodozi, uwakala wa fedha. Msimamo wangu ni huu: fedha ya umma ikitolewa kama mtaji wa kufungua duka mahali ambapo wanunuzi hawajaongezeka, haijengi uchumi wa mahali hapo. Inawagawia watu wengi zaidi mauzo yaleyale. Kinachoikwamisha rejareja ya vijijini na ya pembezoni mwa miji ni uhaba wa wateja wenye hela, na ruzuku au mkopo wowote wa maendeleo ya jamii usioanzia hapo utaishia kwenye orodha ya madeni chechefu.

Tupige hesabu kwa kijiji cha kufikirika chenye kaya 400. Kila kaya inatumia wastani wa shilingi 3,000 kwa siku dukani: unga, sukari ya robo, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, kiberiti, vocha. Mauzo ya kijiji kizima ni shilingi 1,200,000 kwa siku. Kukiwa na maduka manne, kila moja linauza 300,000. Faida ghafi ya bidhaa hizi ni ndogo. Tuseme asilimia 10. Mwenye duka anabaki na 30,000 kwa siku, yaani 900,000 kwa mwezi kabla ya pango, umeme, leseni na nauli ya kufuata mzigo. Si tajiri, ila watoto wanakwenda shule. Sasa halmashauri inavikopesha vikundi sita, kila kimoja shilingi milioni 8, na vyote sita vinafungua maduka. Kaya ni zilezile 400 na mifuko ni ileile. Maduka yamekuwa 10, kila moja linauza 120,000 na kubaki na faida ghafi ya 12,000 kwa siku, sawa na 360,000 kwa mwezi. Rejesho la milioni 8 kwa miezi 20 ni 400,000 kwa mwezi. Hata wasipolipa pango, wasipokula na wasipougua, hawawezi kumaliza deni. Na wale wanne wa mwanzo, ambao hawakumkopa mtu, mapato yao yameporomoka kwa asilimia 60.

Katika hesabu hiyo hakuna mwizi, hakuna kikundi hewa, hakuna mtendaji aliyekula fedha. Kila mtu amefanya kazi yake kwa uaminifu na bado mkopo umekufa. Nalisisitiza hili kwa sababu mjadala wetu wote wa mikopo ya asilimia 10 umekuwa wa wizi. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha kasoro kubwa katika utoaji na urejeshaji wake, na ilipoirejesha mwaka 2024 ilichagua halmashauri 10 kati ya 184 zifanye majaribio ya kuitoa kupitia benki. Ni hatua nzuri. Benki itakizuia kikundi hewa kwa sababu inataka kitambulisho, akaunti na mtu wa kumshika. Lakini benki haitalizuia duka la kumi na moja, maana karatasi zake zitakuwa safi kuliko za wote.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ile imelificha. Zile milioni 48 zilizokopeshwa vikundi sita zimekaa kijijini muda gani? Pengine hazikukaa hata usiku mmoja. Zimetoka akaunti ya kikundi kwenda kwa muuza jumla wa mjini, naye kazipeleka kwa msambazaji wa Kariakoo au kiwandani. Kilichobaki kijijini ni katoni za sabuni na viroba vya sukari vinavyosubiri mnunuzi ambaye hajapata hela. Linganisha na milioni 48 hizohizo kama zingelipwa ujira wa kuchimba lambo na kuchonga barabara ya kwenda mnadani. Ni wastani wa shilingi 120,000 kwa kila kaya, sawa na matumizi ya siku 40 katika maduka yale manne. Fedha ingepita kwanza kwa mchimbaji, kisha kwa mwenye duka, kwa mama lishe, kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, ndipo iende mjini. Na lambo lingebaki.

Anayedhani nazungumza nadharia akumbuke Mtwara na Lindi msimu wa korosho wa 2018. Novemba ya mwaka ule Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwapa wanajeshi kazi ya kuzikusanya. Bei ilikuwa nzuri, ila malipo yalichelewa na wakulima wengi waliendelea kuyasubiri mwaka uliofuata ulipoingia. Wenye maduka hawakuwa wamepoteza mtaji. Bidhaa zilikuwa rafuni, milango wazi, leseni zimelipiwa. Kilichokosekana ni mkulima mwenye fedha. Mikoa ya kusini hutegemea miezi ile kuuza mabati, magodoro, pikipiki na sare za shule, na hakuna mkopo wowote kwa muuza mabati ambao ungeuokoa msimu ule. Shinyanga na Simiyu wanalijua hilo kwa pamba, Kagera kwa kahawa. Rejareja ya Tanzania vijijini hufuata kalenda ya mazao.

Fedha inavyozunguka

Ukitaka kuona ruzuku inavyofanya kazi, kaa nyuma ya kaunta ya duka la kijijini siku ya malipo ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini. Usitegemee kuona watu wakibeba mifuko. Kwanza linatolewa kaunta buku la madeni, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Bibi anaingia, kijana wa dukani anamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nisomee langu." Anasomewa: sukari robo tatu, sabuni vipande viwili, dawa za maumivu, madaftari ya mjukuu, unga wa wiki iliyopita. Jumla 14,300. Anafungua pindo la khanga, anahesabu 12,000, "hiyo nyingine iache hapohapo." Mstari unachorwa juu ya jina lake, deni jipya la 2,300 linaandikwa chini yake. Wanafuata wengine watano, wote kwa mtindo huohuo. Ukiangalia mauzo ya siku ile utasema ruzuku haikuongeza kitu. Lakini asubuhi ya pili kijana yuko kwenye basi kwenda mjini na fedha taslimu, na jioni rafu zimejaa. Anaweza kukopesha tena kwa majuma yanayofuata.

Hapo ndipo wachambuzi wengi hupotea. Mwenye duka wa kijijini ndiye benki ya kwanza ya maskini. Anakopesha bila dhamana, bila fomu, kwa kumjua mtu na ukoo wake. Duka linapokufa, mara nyingi mtaji wake bado upo: umelala ndani ya kaunta buku. Anayemdai mteja asiye na kitu hana dawa nyingine isipokuwa mteja yule apate kitu. Kwa hiyo ruzuku ya kaya maskini inafanya kazi mbili kwa mkupuo: inamlisha mlengwa, na inakomboa mtaji wa mfanyabiashara ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote ya walengwa. Ukimpa yule mwenye duka mkopo badala yake, umemwongezea bidhaa za kukopesha watu walewale wasio na uwezo wa kulipa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ushahidi mzito kuliko wote wa jambo hili umetoka kwa jirani zetu, kaunti ya Siaya nchini Kenya. Katikati ya muongo uliopita, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya maskini 10,500, na watafiti wakiongozwa na wachumi akina Edward Miguel na Johannes Haushofer wakafuatilia vijiji 653, vilivyopewa na visivyopewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo kwa karibu dola 2.5. Mauzo ya biashara za mahali hapo yalipanda, na kaya ambazo hazikupewa chochote nazo zikaongeza matumizi. Kwangu mimi la maana zaidi ni hili: biashara ziliongeza mauzo bila kuongeza uwekezaji kwa kiasi cha kutajika. Yaani uwezo wa kuhudumia ulikuwepo tangu mwanzo. Muuza duka alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma saa mbili kwa siku badala ya nane, kinyozi alikuwa anacheza bao. Mteja alipopata hela, wote waliinuka. Ni kweli kwamba fedha za Siaya zilikuwa nyingi kuliko zinazotolewa na mpango wowote wa serikali katika ukanda huu, na hatuwezi kutarajia matokeo ya ukubwa ule kwa ruzuku zetu. Lakini mwelekeo ni uleule.

Yanayosemwa vibaya

La kwanza kusemwa ni kwamba fedha ya bure inalewesha. Wapo madiwani wanaoapa kuwa ruzuku inaishia kilabuni. Utafiti haukubaliani nao. Mapitio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2014, yaliyokusanya tafiti kutoka mabara mbalimbali, hayakukuta kwamba waliopewa fedha taslimu waliongeza matumizi ya pombe na sigara. Hapa kwetu, majaribio ya TASAF katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yaliyoanza kulipa mwaka 2010, yalionyesha walengwa wakijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, wakinunua mifugo, na watoto wao wakivaa viatu kuliko wenzao wa vijiji vya kulinganishwa. Viatu vinauzwa na mtu, mbuzi anauzwa na mtu. Hayo ni mauzo.

La pili ni kwamba fedha ikiingia bei zitapaa na faida yote italiwa na wafanyabiashara. Siaya, pamoja na wingi wa fedha ile, bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Sababu ndiyo niliyoitaja: kulikuwa na uwezo mkubwa uliolala. Hofu ya bei ina mashiko sehemu moja tu, pale bidhaa yenyewe inapokuwa adimu na barabara imekatika. Hapo fedha taslimu peke yake haisaidii, tengeneza barabara kwanza.

La tatu, na hili linasemwa na watu makini: mkopo unarudi, ruzuku hairudi, basi mkopo ni endelevu. Mkopo unaorudi ni ule wa biashara yenye wateja. Ule wa duka la kumi na moja ni ruzuku iliyovishwa jina la mkopo, tena ruzuku mbaya, kwa sababu anayeipata anaondoka na deni, anaogopa kupita karibu na ofisi ya kata, na majirani zake wanne wamefilisika naye. Kenya nao wamepita hapo. Tangu Mfuko wa Vijana na ule wa Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2006 na 2007, hadi Hustler Fund ya Novemba 2022 iliyoanzia shilingi 500 za kule kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, dhana imebaki kwamba mtu mdogo amekwama kwa kukosa mtaji tu. Anayeuza nyanya fungu moja kwa saa nzima hajakwama kwa kukosa nyanya.

La nne ni kuitazama Kariakoo na kudhani umeitazama nchi. Mauzo ya Kariakoo yanaweza kupanda kwa sababu wamekuja wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka au Lilongwe, au kwa sababu bei za bidhaa za nje zimepanda. Hayo ni mema kwa Dar es Salaam na kwa kodi, lakini hayamwambii mtu yeyote kama mkazi wa Nkasi ameongeza robo ya sukari. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, na takriban theluthi mbili yetu tunaishi vijijini. Dira ya rejareja ya nchi iko huko.

Na huko hatuoni. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi na Pato la Taifa kila robo mwaka, tena kwa umakini. Mauzo ya rejareja ya kijijini hayana tangazo la namna hiyo. Mamlaka ya Mapato (TRA) inaona mauzo kupitia mashine za kielektroniki na usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), lakini kizingiti cha VAT tangu Julai 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Duka la mfano wetu, hata kabla ya mikopo, lilikuwa likiuza kama milioni 108 kwa mwaka. Baada ya mikopo linauza milioni 43. Limeporomoka hivyo na hakuna mfumo wa serikali uliotoa mlio. Ndiyo maana halmashauri inaweza kuripoti vikundi 60 vilivyowezeshwa na isiwe na safu ya kuandika maduka mangapi yamefungwa.

Tufanye nini? Sidai asilimia 10 ifutwe. Sheria ni nzuri na nia yake ni njema. Nadai ibadilishwe namna ya kuchagua mradi. Kabla kamati ya mikopo haijapitisha duka, mtendaji wa kijiji ahesabu maduka yaliyopo na kaya zinazoyategemea, kazi ya siku moja kwa miguu. Ikionekana hakuna mwanya, andiko lirudishwe na kikundi kisaidiwe kubuni kitu cha aina mbili: kinachouza nje ya kijiji, au kinachozalisha hapahapa bidhaa inayofuatwa mjini. Mkamuaji alizeti wa Singida au Dodoma analeta hela mpya kijijini. Muoka mkate na mtengeneza sabuni wanaizuia isitoke. Duka la nyongeza halifanyi lolote kati ya hayo mawili.

Pili, ruzuku za kaya maskini zilipwe kwa kalenda inayojulikana. Utaratibu wa kila miezi miwili unafaa ukitekelezwa kwa tarehe. Malipo yakirundikwa ya vipindi viwili au vitatu, mwenye duka anashindwa kupanga mzigo, mlengwa anakopa kwa walanguzi na mkulima anauza korosho kwa ulanguzi wa kangomba au mahindi yakiwa bado shambani. Ajira za muda, kama za kuchimba lambo, nazo ziwekwe kwenye miezi ya njaa, ambayo kanda ya kati ni Januari hadi Machi, wakati kaunta buku zimejaa na rafu ni tupu.

Tatu, fedha za miradi zitumike kwa jicho la mzunguko. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 kwa utaratibu wa force account, yaani bila mkandarasi, mafundi wa mtaani walipata kazi, wafyatua tofali walipata wateja na mama lishe waliuza sahani karibu na kila msingi. Huo ni mpango wa kuinua rejareja, ingawa haukuitwa hivyo. Kila mradi wa kijiji, uwe wa halmashauri au wa Mfuko wa Jimbo, uulizwe swali moja kabla ya kusainiwa: katika kila shilingi 100, ngapi zitalipwa mtu anayelala hapa?

Nne, tupime. Kila halmashauri ichague maduka 20 katika kata tofauti na iyaombe yaandike mambo mawili kila wiki: kiasi cha sukari, unga, mafuta, sabuni na chumvi kilichofuatwa jumla, na jumla ya madeni yaliyomo kwenye kaunta buku. Afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii wakikaa na karatasi hiyo kwa mwaka mmoja watajua kuhusu umaskini wa wilaya yao mambo ambayo hakuna semina itakayowafundisha. Na taarifa hizo zisipelekwe kwa mkusanya kodi, la sivyo wiki ya pili yatabaki maduka mawili.

Nawaomba madiwani jambo moja katika baraza lijalo, orodha ya vikundi itakaposomwa. Mkifika kwenye duka la vyakula, mumuulize mkurugenzi: nani atanunua hapo, na hela yake itatoka wapi? Asipokuwa na jibu, msipitishe.